Kofia ya Mzee Pazi kwenye Pango la Maharamia

Hadithi hii inanifanya nionekane boya. Nasema mapema, maana mkifika mwisho mtaniambia wenyewe, na mimi sipendi kuambiwa kitu ninachokijua.

Nyinyi wadogo zangu wa hapa Dixon, Toronto, kila theluji ikianza kuyeyuka mnanisimamisha kwenye lifti. Kaka, tunasikia ulipiga kazi kule kwenye mabembea, tupe mchongo. Nikisema njooni nyumbani niwaeleze, mna haraka, niwaandikie. Haya, nimeandika. Shule yangu iliishia darasa la saba, Urambo, kwa hiyo mkikuta koma imekaa pabaya ihamisheni wenyewe.

Mimi nimestaafu uharamia. Msicheke kwanza. Kwenye ile bustani ya mabembea, kaskazini ya jiji, pale watu wanapolipa ili wageuzwe miguu juu kichwa chini, kulikuwa na ukumbi wa kupumzikia uliotengenezwa kama pango. Ndani giza, mapipa, kamba, nyavu, makochi ya ngozi bandia, na mifupa ya plastiki ya mtu mzima imesimamishwa katikati. Huyo wa mifupa tulimwita Mstaafu. Mtu akishachoka na jua na foleni anaingia pale, anajitupa kwenye kochi, anakunywa, anakula kuku. Sisi wahudumu tulikuwa maharamia: buti, panga la mpira, kilemba, jicho moja limezibwa. Kazi zetu zilikuwa mbili, kuhudumia mteja na kumtukana. Akitoka hajatukanwa, analalamika.

Fikirieni sasa. Mtu ametoka Urambo, amelelewa kwa shikamoo asubuhi, shikamoo mchana, halafu anapewa mshahara ili amwambie baba wa watu kwamba ananuka kama samaki wa juzi. Wenzangu wengine kutoka nyumbani walishindwa. Dada mmoja Mkenya alidumu wiki moja, akaomba ahamie kuuza barafu. Mimi nilijiona nimefika. Tangu utoto nilikuwa nachapwa kwa mdomo huu, leo wananilipa.

Aliyenifundisha kazi ni Dolores, mama wa Kifilipino, mfupi, sauti kama king'ora. Siku yangu ya kwanza nilimmwagia mteja juisi kwenye suruali mpaka ikaingia kwenye viatu. Ukiziba jicho moja hujui kipi kiko mbali na kipi karibu. Unamimina pale unapodhani glasi ipo. Dolores akanishika mkono, akaegemeza mdomo wa jagi kwenye ukingo wa glasi. Gusa kwanza, ndiyo umimine. Mpaka leo nikimimina chai nyumbani nagusa kwanza, na macho yangu yote mawili yapo wazi.

La pili alilonifundisha ni kuhamisha kile kitambaa cha jicho. Ukiwa nje kwenye jua, ziba jicho la kulia. Ukikaribia kuingia pangoni, hamisha kitambaa uzibe la kushoto. Lile la kulia limeshazoea giza muda wote huo, linaona kila kitu. Usipohamisha unaingia kama kuku aliyetoka kwenye gunia. Hili likumbukeni, litarudi.

La tatu, nani wa kumtukana. Usimguse kijana aliyekuja na msichana kwa mara ya kwanza, huyo anatafuta sifa na wewe utamharibia. Mtafute baba mwenye kitambi ambaye wanawe wameshaanza kumcheka kabla yako. Mtoto akilia, piga goti uwe mfupi kuliko yeye, mpe panga lako akuue. Kufa vizuri, usiharakishe. Hizo zilikuwa zama za simu za vibonyezo. Miaka ya mwisho kila mtu alikuwa ameinua simu anarekodi, uongozi ukaogopa, tukapewa matusi yaliyochapishwa na kupitishwa ofisini. Tusi lililopitishwa ofisini halimchekeshi mtu. Ndipo nikaanza kufikiria kustaafu, maana mimi kusoma kutoka kwenye karatasi na kusimama sehemu moja, vyote viwili, siwezi. Dolores alikuwa ananipangia mlangoni makusudi, niingie na kutoka, niingie na kutoka, alisema nikisimama dakika mbili naanza kufungua mabomba ya mapipa ovyo.

Sasa, ili mnielewe, lazima niwaeleze jambo la nyumbani, kwa sababu nyinyi mliozaliwa hapa mnadhani utani ni kuchekeshana tu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu, walipokuwa wanasafiri kwenda pwani na kurudi. Mtani wako anaweza kuja kwenye msiba wa baba yako akalala kaburini, akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Anaweza kukuvua kofia njiani akaondoka nayo, na wewe hukasiriki, unaikomboa, halafu unamvizia na wewe siku yako. Akikurudishia bure bila kudai chochote ndiyo ujue kuna kitu kimekufa kati yenu. Mkwe ni upande wa pili kabisa. Mbele ya mkwe unainamisha macho, unaongea kidogo, hata kuku unamla kwa adabu. Watu hao wawili hawatakiwi kukutana ndani ya mtu mmoja.

Na mimi nilikuwa nimepeleka posa.

Msichana aliitwa Mwanaidi, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la dawa, tulikutana kwenye sherehe ya Idd katika ukumbi wa jumuiya. Nilimchekesha mpaka akamwaga pilau. Aliishi mtaa wa Flemingdon Park na baba yake, Mzee Pazi, aliyefiwa na mke, mtu wa Kisarawe. Mshenga wangu alikuwa Bi Tatu wa mtaa wa Parkdale, ambaye ameshaozesha nusu ya Watanzania wa mji huu. Akapeleka barua na picha yangu, akarudi na neno moja, kwamba mzee anatafakari. Wiki zikaenda, mzee anatafakari. Nikawa nampigia Bi Tatu asubuhi nikienda kazini na jioni nikirudi, mpaka akaniambia nikimpigia tena ataniposea mtu mwingine.

Mwisho akanieleza kinachomkwamisha mzee. Kuna mtu kamwambia Mzee Pazi kwamba anayetaka kumuoa binti yake anafanya kazi kwenye baa ya majambazi. Yule mzee ni swala tano. Nikamwambia Bi Tatu, mwambie pale hakuna pombe, ni juisi ya tufaha na tangawizi. Bi Tatu akasema ameshamwambia, na mzee amejibu kwamba hajawahi kukutana na muuza pombe asiyesema anauza juisi.

Basi ikafika Jumamosi moja ya joto. Msikiti wa kina Mwanaidi ulikodi mabasi kuleta familia kwenye mabembea. Mwanaidi alinipigia jana yake kwamba atakuja na akina mama na watoto, tuonane mchana nikipumzika. Baba haji, hapendi mashine zinazozungusha watu. Siku hiyo miguu yangu ilikuwa haiko kwangu. Natoka mlangoni naangalia kama anakuja, naingia, natoka. Dolores akanitazama tu akaninyang'anya trei yenye glasi, akanipa yenye leso za karatasi.

Katika kuingia na kutoka huko nikasahau kuhamisha kitambaa.

Nikaingia pangoni na jicho lililojaa jua. Siioni hata meza. Nikasikia tu mtu kwenye kochi la pembeni anajisemea kwa Kiswahili, kwamba Waarabu wana jangwa, Wazungu wana baridi, halafu wanajenga giza na kulilipia. Jamani, kusikia Kiswahili cha namna ile, cha pwani, kimekaa sawasawa, mahali pale. Nikasogea. Ninachokiona ni kofia nyeupe ya kushona kwa mkono na chini yake kivuli. Nikamuuliza, mzee unatoka wapi? Akasema Kisarawe. Nikauliza tena, Mzaramo? Akasema, kwani mwingine anatoka Kisarawe ni nani?

Hapa ndipo ninapokuwa boya. Wazaramo wa Toronto hawajazi hata basi dogo. Wazee wao wa Kisarawe wanatosha kwenye kochi moja. Na mmoja wao nilikuwa nimemtumia posa, nimekonda kwa ajili yake. Hilo halikunijia kichwani kabisa. Kilichonijia ni kwamba nimekaa nchi hii miaka yote sijakutana na mtani, na leo kaja mwenyewe, kakaa kwenye kochi langu, na mimi nimevaa nguo za uharamia. Niliona kama zawadi.

Nikamvaa. Nikatangaza kwa Kiingereza ukumbi mzima usikie kwamba tumekamata mateka, Mzaramo, watu ambao mvua ikichelewa wanapiga ngoma, ikiwahi wanapiga ngoma, na isiponyesha wanapiga ngoma ili wapate usingizi. Nikala kipande chake cha kuku. Nikamvua kofia, nikamvalisha Mstaafu, kwa sababu ndiyo ilikuwa desturi ya pale: kitu cha mateka kinakaa kwenye mifupa mpaka mwenyewe aimbe. Watu wakaanza kupiga makofi wakidai wimbo.

Mzee hakuimba. Alisubiri makofi yaishe, akasema taratibu, kwa Kiswahili:

"Mnyamwezi. Babu yako alibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Wewe umefika mpaka huku, bado umebeba trei."

Nilicheka nikakaa chini. Sijawahi kupigwa tusi safi namna ile, na nilikuwa nalipwa kwa kazi hiyo. Wateja hawakuelewa hata neno, lakini walimuona haramia ameanguka, wakashangilia. Nikainuka nikamjazia glasi kutoka kwenye pipa. Akainusa. Akaniuliza, hiki ni nini? Na mimi, badala ya kusema neno moja tu ambalo lingenisaidia maisha yangu yote, nikamwambia:

"Ramu ya kuzimu, mzee. Ukinywa unasahau njia ya msikitini."

Akanywa, akaweka glasi, akaondoka na kichwa chake wazi kinang'aa. Nikamwita aje aimbe achukue kofia. Hakugeuka. Nikajisemea, Mzaramo huyu kaamua kuniachia mateka, atajua mwenyewe atakavyoikomboa.

Muda si mrefu Mwanaidi akaingia. Nikavua kitambaa cha jicho ili nimuone vizuri. Hakunisalimia. Alikuwa anamtazama Mstaafu.

"Kofia ya baba," akasema, "imefikaje kwenye kichwa cha huyu marehemu?"

Alikuwa amebadili mawazo asubuhi ile ile, mzee. Alisema anakuja kujionea mwenyewe hiyo baa.

Sikumbuki nilivyomaliza zamu. Dolores ananiambia nilikuwa nahudumia watu bila kutukana mtu, na mteja mmoja alilalamika. Niliichukua kofia kutoka kwenye mifupa, nikaiweka kwenye mfuko safi wa nailoni, nikaushika kama nimebeba mayai. Jioni Bi Tatu akapiga mwenyewe, mara ya kwanza yeye kunipigia. Akasema, "Mzee Pazi anasema jibu la posa lipo. Ila hawezi kulitoa kichwa wazi."

Akaendelea kuniuliza nimemfanya nini mzee wa watu. Nilimweleza.

Siku zilizofuata mtu wa ghorofa ya chini yangu alipanda juu kuniuliza kama nafanya mazoezi. Nilikuwa natembea tu. Jikoni, dirishani, mlangoni, jikoni. Shida yangu ilikuwa hii: kofia nairudisha kama nani? Nikiirudisha kama mtani, lazima nidai fidia, niingie na kelele, nimwambie alipe ngoma mbili na muhogo. Nikifanya hivyo kwa mkwe, posa imekufa. Nikiirudisha kama mkwe, napiga goti, nampa bure, na mtani anayerudisha bure anakuwa anamwambia mwenzake kwamba wewe na mimi basi. Nilimuuliza Dolores. Ilinichukua mapumziko yote ya chakula kumweleza utani ni nini. Alipoelewa akasema kwao mtu akikosana na baba wa msichana anapeleka chakula na kupasua kuni. Sasa Flemingdon Park nitampasulia kuni mtu wa ghorofa ya kumi?

Bi Tatu ndiye aliyekata shauri. Nenda kama mkwe. Vaa shati la kola. Goti chini, mdomo umefungwa. Mdomo wako, akasema, ndio uliotufikisha hapa.

Nikapanda basi kutoka Dixon, nikabadilisha, nikabadilisha tena, mfuko mapajani. Viti vilikuwepo lakini nilisimama njia nzima. Dereva mmoja aliniambia niketi au nishuke. Nikashuka, nikangoja lingine.

Mzee alifungua mlango mwenyewe. Kwenye mwanga wa nyumba yake, kwa macho yote mawili, nikamuona kwa mara ya kwanza: mwembamba, mrefu, macho ya mtu anayesikiliza kitu kingine nyuma ya unachosema. Nikapiga goti pale pale kwenye zulia. Shikamoo. Marahaba. Nikatoa kofia kwa mikono miwili, nikaomba radhi kwa maneno niliyoyakariri kwenye mabasi yote yale. Akaichukua, akaigeuza, akaipuliza vumbi la pangoni, hakuivaa. Akanionyesha kiti.

Jikoni vyombo vilikuwa vinagongana. Nilipokaa vikaacha kugongana. Nikajua Mwanaidi anasikiliza.

Chai ikaletwa. Mzee akanitazama, akasema, "Vipi, njiani umembebea nani mizigo?"

Nikasema hapana mzee, nimekuja na basi.

Akatingisha kichwa. Akanywa kidogo. Akauliza kama sisi Wanyamwezi chai tunakunywa au tunaisafirisha tu. Nikasema nakunywa, mzee, ahsante sana. Nikagusa kikombe kwa adabu. Nasikia friji. Akajaribu tena, akasema ile ramu yangu ya kuzimu aliinywa yote na msikitini alifika bila kuuliza njia. Sasa hapo hata mtoto mchanga angecheka. Mimi nikainamisha macho nikasema, ilikuwa juisi ya tufaha, mzee, na tangawizi, naomba unisamehe. Nilihisi mdomo unawaka, majibu yamepanga foleni nyuma ya meno, mengine mazuri mno, na mimi nimeyafungia. Mguu wangu mmoja ulikuwa unagonga sakafu mpaka kijiko kikawa kinalia kwenye sahani.

"Nilijua ni juisi," akasema mzee. Akawasha televisheni.

Ndiyo hivyo. Tulitazama habari ya hali ya hewa. Baadaye akasema nisichelewe basi. Mlango ukafungwa nyuma yangu, na kabla lifti haijafika nikasikia Mwanaidi anaongea kwa sauti ya juu na baba yake, sikuelewa maneno. Jibu halikutolewa. Kofia alibaki ameishika mkononi tu.

Nikasimama kituoni. Sikusimama, nilizunguka ule mlingoti wa kituo. Basi likaja, nikaliacha liende, sijui kwa nini, miguu ilikataa tu. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje Bi Tatu kwamba nimefanya kila alichosema, goti, kola, mdomo, na nimeharibu.

Nikasikia kandambili nyuma yangu. Mzee Pazi, na kikoi chake, kofia mkononi, anavuka barabara bila kutazama magari, dereva anampigia honi na yeye anamwinulia mkono kama anambariki. Akafika, akanitazama kuanzia kola mpaka viatu. Kisha akaichukua ile kofia, akanivalisha mimi kichwani, akaisukuma mpaka ikafunika nyusi.

"Rudi nayo," akasema. "Jumamosi niletee yule wa jicho moja, aje adai fidia yake kama mtu. Huyu aliyekuja leo simjui, na binti yangu simpi mtu nisiyemjua."